Katiba ya Watu Sabini

Naftali na Njeri walipanga nyumba Hayes, magharibi mwa London. Ndege za Heathrow zilipita juu ya paa lao kutwa nzima. Wageni waliziba masikio. Wao walikuwa wameshazizoea.

Naftali alipakia mizigo kwenye ndege. Njeri alifanya kazi kwenye ghala la kufungasha chakula cha abiria. Naftali alitoka Kakamega. Njeri alitoka Nyahururu. Walikutana Nairobi, wakaoana, wakaja Uingereza mwaka 1997. Mtoto wao, Emma, alikuwa na miaka tisa. Alielewa kila neno la Kiswahili, lakini alijibu kwa Kiingereza.

Asubuhi nyumba yao ilikuwa na kelele. Redio ilicheza. Naftali aliimba vibaya, Njeri akamwambia anyamaze, naye akazidi kuimba. Emma alitafuta soksi.

Upande wa pili wa ukuta aliishi jirani yao, Sarmila Rai. Alitoka Nepal, nchi ya milima mirefu kati ya India na China. Mumewe alikuwa amestaafu katika jeshi la Uingereza, na sasa alikuwa mlinzi. Huko kwao Sarmila alikuwa mwalimu. Hapa alifungasha chakula katika ghala lile lile la Njeri. Kila asubuhi walipanda basi pamoja, wakiongea Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake. Njeri alimwita Mwalimu.

Jumamosi ilikuwa siku ya Umoja. Umoja wa Wakenya wa Hayes ulikuwa na watu sabini. Walikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya kituo cha polisi. Watoto walifundishwa Kiswahili. Watu wazima walinywa chai na kusaidiana kujaza fomu. Mtu akiugua, walipeana zamu za kwenda kumwona. Mtu akifiwa, walikaa naye.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Msabaha, mtu wa Mombasa. Alianzisha Umoja mwaka 1996. Wengi wao aliwapokea mwenyewe uwanja wa ndege, mkononi amebeba koti la baridi la kuwavika. Walimpenda. Lakini Umoja haukuwa na katiba. Hawakuwahi kupiga kura. Mzee Msabaha ndiye aliyekuwa mwenyekiti, ndiye karani, ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Daftari la majina lilikaa ndani ya mkoba wake. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyeona ubaya wowote.

Kisha ukafika Desemba 2007. Kenya ilipiga kura kumchagua rais. Matokeo yalipotangazwa, nchi ikawaka: kwao Njeri wengi walimpigia rais aliyetangazwa mshindi, na kwao Naftali wengi walimpigia mpinzani wake, wakasema kura zimeibwa.

Naftali na Njeri waliona kila kitu kwenye televisheni. Siku ya nne simu ya Njeri ililia. Nyumba ya kaka yake, karibu na Eldoret, ilikuwa imechomwa. Kaka yake alikuwa amelala na watoto wake kwenye uwanja wa maonyesho, Nakuru. Siku ya sita ikalia simu ya Naftali. Mpwa wake, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoka kununua mkate Kisumu. Alipigwa risasi na polisi. Alikufa kabla ya kufika hospitali.

Njeri alimshika mumewe bega. Naftali aliuondoa mkono wake.

"Watu wenu wameiba kura," alisema. "Ona sasa."

Njeri alimtazama. "Watu wetu akina nani? Mimi nilikuwa hapa nikikupikia." Kisha naye akasema jambo ambalo baadaye alilijutia. "Na watu wenu wamemchomea kaka yangu nyumba."

Tangu siku hiyo kulikuwa na wetu na wenu ndani ya nyumba moja. Naftali aliomba zamu za jioni ili asikutane na mkewe mezani. Njeri alimwachia chakula na kukifunika. Waliongea kupitia kwa Emma. "Mwambie baba yako..." "Mwambie mama yako..." Mtoto alichoka. Siku moja alisema, kwa Kiingereza, kwamba yeye si simu.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Januari watu wa Umoja walikutana. Mzee Msabaha alianza kwa dua. Hakumaliza. Mtu mmoja alisema neno kuhusu kabila, mwingine akajibu. Viti vikaanguka. Mwanamume mmoja alipasuka mdomo. Watoto walikuwa mlangoni, wanatazama.

Mtunzaji wa ukumbi, Bwana Mohinder, aliingia mbio. Alikuwa Mhindi aliyekulia Nakuru, na alijua Kiswahili.

"Tokeni nje!" alipaza sauti. "Wote! Msirudi mpaka mpatane."

Baada ya hapo Umoja ulivunjika pande mbili. Kila upande ulijiita Umoja wa kweli. Kila upande ulimpigia Mzee Msabaha simu kutaka ufunguo na daftari. Mzee alikataa kwa wote wawili. Kisha akaacha kupokea simu.

Mwezi wa pili, Njeri alikutana dukani na Bibi Kalekye. Bibi huyo alikuwa mjane wa miaka sabini, mwanachama wa tangu mwanzo. Alikuwa amekonda sana, akitembea kwa fimbo.

"Bibi, umepatwa na nini?"

"Nililazwa wiki tatu, mwanangu. Nilikuwa na maji kwenye mapafu."

"Wiki tatu! Nani alikuja kukuona?"

Bibi Kalekye alitabasamu kidogo. "Wauguzi walikuwa wazuri," alisema.

Njeri alielewa. Hakuna aliyekwenda. Kila upande ulidhani yeye ni wa upande mwingine. Na orodha ya zamu ilikuwa kwenye mkoba wa mzee ambaye hapokei simu. Njeri alifika nyumbani, akaweka mifuko chini, akakaa kwenye ngazi na koti lake mwilini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sarmila aligonga mlango akiwa na bakuli la maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama.

"Dada," alisema, "ukuta wetu ni mwembamba. Nilizoea redio yenu. Nilimzoea mumeo na nyimbo zake. Sasa ni mwezi mzima na zaidi sisikii kitu. Mmefiwa?"

Njeri alimkaribisha jikoni. Alimweleza yote. Kaka yake, mpwa wa Naftali, viti, Bibi Kalekye. Sarmila alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alisema, "Mimi nilikuwa na ndugu wawili."

Wakati huo Naftali alishuka kuchukua maji. Alitaka kurudi juu. Sarmila akamwambia, "Kaa, kaka. Hili ni lako pia." Kwa kuwa Sarmila alikuwa mgeni wao, Naftali aliona haya kukataa. Alisimama, ameegemea jokofu.

"Babu yangu alizaliwa wakati nchi yetu ilipokuwa mali ya ukoo mmoja," Sarmila alianza. "Mfalme alikuwepo, lakini alikuwa kama picha ukutani. Ukoo wa Warana ndio uliotawala. Baba waziri mkuu, kisha ndugu yake, kisha mpwa wake. Miaka mia moja na minne. Hawakutaka watu wasome. Babu alikufa bila kujua kuandika jina lake.

"Mwaka 1951 ukoo huo uliondolewa. Mama yangu alikuwa mtoto. Mwaka 1959 watu walipiga kura kwa mara ya kwanza. Haikupita miaka miwili, mfalme akawafunga mawaziri na kuvunja bunge. Alipiga marufuku vyama vyote. Ikawa hivyo miaka thelathini. Mfalme alijua kila kitu, na sisi tulishukuru. Mimi nilisoma shule za wakati ule. Kila asubuhi tulimwimbia mfalme."

"Na nyinyi mlikubali tu?" Naftali aliuliza.

"Mpaka 1990. Mwaka huo watu walijaa barabarani. Nami nilikuwamo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka tu kusomea ualimu. Mfalme aliruhusu vyama. Tulipata katiba mpya. Tulicheza ngoma, kaka. Tulidhani yamekwisha."

"Hayakwisha?"

"Hapana. Tulipiga kura, lakini viongozi wa mjini waligombana. Serikali ilibadilika karibu kila mwaka. Kijijini kwetu Bhojpur hatukuona barabara wala daktari. Na tazama nani alikaa kwenye viti. Ni wanaume wa koo zile zile za juu. Kwetu kuna watu waliozaliwa katika tabaka la chini. Sheria ilikataza kuwabagua, lakini bado hawakuruhusiwa kuchota maji kisima kimoja na wengine. Watu wa milimani kama mimi, wanawake, wao wote walikuwa nje ya mlango. Mwaka 1996 wengine wakachukua bunduki, wakaingia msituni."

Sarmila alizungusha kikombe chake.

"Ndugu yangu mkubwa, Dhanraj, alikuwa polisi. Mdogo, Lokendra, alikwenda msituni. Mama mmoja, baba mmoja. Mwaka 2002 waasi walivamia kituo cha Dhanraj. Wakamuua. Lokendra hakuwa katika kundi lile. Lakini alikuwa katika jeshi lile."

Ndege ilipita juu, vikombe vikatetemeka.

"Vita vilichukua miaka kumi," Sarmila aliendelea. "Watu zaidi ya elfu kumi na tatu walikufa. Katikati ya vita mfalme na jamaa zake waliuawa ndani ya ikulu. Ndugu yake akarithi kiti. Mwaka 2005 huyo mpya alikata simu za nchi nzima na kutwaa madaraka yote. Hapo vyama vya mjini na watu wa msituni waliona kitu kimoja. Kila upande peke yake umeshindwa. Aprili 2006 watu walikaa barabarani siku kumi na tisa. Mfalme akarudisha bunge. Mwezi wa kumi na moja wakatia saini amani."

Naftali alivuta kiti, akakaa. "Yaani waliomuua ndugu yako sasa wako bungeni?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekubali?"

"Mimi nilikuwa huku. Mama yangu ndiye aliyepaswa kukubali. Lokendra alirudi nyumbani. Mama alimfungulia mlango. Hakumwambia amemsamehe. Mpaka leo hajasema. Alimwambia avue viatu, aingie ale. Ilimchukua mwaka mzima kula naye pamoja. Mwanzoni alimwekea sahani, kisha anatoka nje."

Njeri aliinamisha kichwa. Alikumbuka sahani anazofunika.

"Lakini sisi tulipiga kura," Naftali alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kura ndiyo iliyotuletea haya. Mimi sitapiga kura tena maisha yangu yote."

"Hata sisi tulikuwa na kura tangu 1990," Sarmila alijibu. "Kilichokosekana ni makubaliano. Mkishindana kabla ya kukubaliana jinsi ya kushindana, anayeshindwa haamini. Anaona ameibiwa. Labda ameibiwa kweli. Basi safari hii tumeanza na sheria. Mwezi wa nne tutachagua watu mia sita, na wote wataketi pamoja kuandika katiba upya. Wamo waliokuwa msituni. Wamo waliokuwa wakipigana nao. Theluthi moja lazima wawe wanawake. Watu wa tabaka la chini wana nafasi zao. Itachukua muda. Pengine itashindikana. Sijui. Ila hakuna atakayesema hakuwepo mezani."

"Na bunduki?" Njeri aliuliza. "Walimpa nani?"

"Swali zuri. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Bunduki za msituni ziliwekwa kwenye makontena ya chuma ndani ya kambi. Waliokuwa waasi walibaki na ufunguo. Lakini watu wa Umoja wa Mataifa walikaa pale kutazama, na mlango ukifunguliwa kengele inalia. Kwa njia hiyo kila upande ulilala usingizi."

Sarmila aliondoka. Naftali na Njeri walibaki jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pamoja tangu Januari.

"Bibi Kalekye alilazwa wiki tatu," Njeri alisema. "Hakuna aliyekwenda."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwona."

"Yeye ndiye aliyekushika mkono ukimzaa Emma," Naftali alisema. "Mimi nilikuwa kazini."

"Ndiyo."

"Twende kwa Mzee Msabaha."

Walikwenda siku ya Alhamisi, mwisho wa Februari. Siku hiyo hiyo viongozi wa Kenya walitia saini mkataba wa kugawana serikali, na watu njiani walikuwa wakipigiana simu. Mzee Msabaha alifungua mlango kidogo tu.

"Nyinyi ni wa upande gani?" aliuliza.

"Sisi ni mke na mume, Mzee," Njeri alisema. "Tunatoka pande zote mbili."

Mzee aliwaingiza. Chumba kilikuwa kisafi na baridi. Naftali alimweleza walichokuja kuomba. Umoja uandike katiba yake. Kisha uchague viongozi kwa kura ya siri.

Uso wa mzee ulibadilika. "Kumbe mnanitoa. Chama hiki nimekilea tangu kikiwa na watu sita. Niliwapokea na makoti. Leo mimi ndiye tatizo?"

"Mzee, hatusemi hivyo," Njeri alisema. "Nikuulize. Ukiugua kesho, nani anajua nani yuko hospitali, na zamu ni ya nani? Bibi Kalekye alilazwa wiki tatu peke yake."

Mzee Msabaha hakujua. Alikaa chini polepole.

"Wiki tatu," alirudia. Kisha akasema, "Mnajua kwa nini sikuwapa ufunguo? Kila aliyeniomba, nilisikia sauti yake. Alitaka kuwafungia wengine nje. Nikasema bora niufiche. Nimekosea?"

"Hukukosea kuwanyima," Naftali alisema. "Ila umebaki nao peke yako, na watu wote wako nje."

Njeri alimweleza habari ya makontena. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha alitoa mkoba uvunguni mwa kitanda. Jumamosi iliyofuata waliweka ufunguo na daftari ndani ya sanduku la bati lenye kufuli mbili. Kila upande ulichukua ufunguo wa kufuli moja. Sanduku lenyewe alilitunza Bwana Mohinder. Bila pande zote mbili kuwepo, halifunguki.

Kazi ya kuandika haikuwa rahisi. Walichagua watu saba, wawili wawili kutoka kila upande, na watatu wasiokuwa na upande. Naftali alikuwa upande wake na Njeri upande wake. Kati ya wale watatu alikuwemo Mkawasi, muuguzi kutoka Taita, mwanamke mpole wa maneno machache. Waliketi kila Jumapili nyumbani kwa Sarmila, kwa sababu hapo palikuwa kwa mtu asiye wa upande wowote. Sarmila hakuwaandikia. Aliwauliza maswali tu.

"Mwenyekiti akikosea, nani anamwambia?"

"Anakaa muda gani?"

"Mtu mpya akija mjini kesho, anajiungaje?"

Wiki ya pili walikwama. Mwanamume mmoja alisema viti vya kamati vigawanywe kwa makabila, ili kila mtu aridhike. Njeri alikataa.

"Emma wangu atakaa kiti gani?" aliuliza. "Nusu na nusu?"

"Lakini bila hivyo makabila makubwa yatachukua vyote," Naftali alisema. "Njeri, kubali hilo linawezekana."

"Linawezekana. Basi tuweke kwamba hakuna atakayekaa zaidi ya miaka mitatu. Na kati ya viti saba, vitatu angalau viwe vya wanawake. Na kimoja kiwe cha mtu aliyefika Uingereza ndani ya miaka miwili. Huyo ndiye hujulikana kidogo kuliko wote."

Walibishana saa nzima. Sarmila aliwatazama, akawaambia wengine kwamba leo hawa wawili wamegombana kama mke na mume wa kawaida. Watu wakacheka. Njeri na Naftali pia walicheka, kisha wakaona aibu kidogo. Pendekezo la Njeri likapita.

Tarehe kumi Aprili Sarmila hakuja kazini. Jioni alimwita Njeri. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nimeongea na mama," alisema. "Amepiga kura leo. Miguu yake haiwezi tena ule mlima. Lokendra alimbeba mgongoni ndani ya kikapu, kama tunavyobeba wazee kwetu. Saa mbili za kupanda. Kwenye foleni mama alisimama nyuma ya mwanamke wa tabaka la chini. Walishiriki mwavuli mmoja. Zamani mama asingekubali kivuli cha yule kimguse. Alinieleza hilo mwenyewe, kwa haya. Wakamtia wino kwenye kidole gumba. Njiani kurudi Lokendra akamuuliza amempigia nani. Mama akamwambia, 'Wewe nibebe tu.'"

Njeri alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha aliacha kucheka. "Na Dhanraj?"

"Mama alibeba picha yake ndani ya nguo," Sarmila alisema.

Mwezi wa Mei katiba ilikuwa tayari. Ilikuwa kurasa nne. Waliisoma kwa sauti ukumbini, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watu waliuliza maswali. Vifungu viwili vilibadilishwa. Bibi Kalekye aliomba kiongezwe kimoja: mgonjwa asikose mgeni zaidi ya siku mbili, awe amelipa ada au hajalipa. Mikono yote ilipanda.

Siku ya kupiga kura ikawekwa Jumamosi, tarehe thelathini na moja Mei. Wagombea wa uenyekiti walikuwa Mkawasi na Naftali. Mzee Msabaha hakugombea. Msimamizi wa kura alikuwa Sarmila.

Siku tatu kabla ya hapo, habari zilitoka Kathmandu. Baraza jipya la Nepal lilikutana kwa mara ya kwanza, likatangaza kwamba nchi haina mfalme tena. Ilikuwa jamhuri. Watu wa ghalani walimpongeza Sarmila. Aliwashukuru. Kwenye basi alimwambia Njeri, "Nimefurahi. Pia naogopa. Kumwondoa mfalme ni siku moja. Kuandika kitabu kile kutachukua miaka."

Jumamosi walifika watu sitini na sita. Kila mmoja aliingia nyuma ya pazia peke yake, akakunja karatasi yake, akaitia kwenye kasha mbele ya wote. Sarmila alifungua kasha na kusoma kila karatasi kwa sauti, akiinua juu ionekane. Emma aliandika mistari ubaoni.

Mkawasi, thelathini na tano. Naftali, ishirini na tisa. Karatasi mbili ziliharibika.

Kisha mwanamume mmoja nyuma alipaza sauti. "Tumeibiwa tena!" Wengine wawili walisimama. Njeri aliutazama mkono wa mumewe kwenye goti. Alitaka kuushika. Hakuushika. Aliona hilo ni la Naftali mwenyewe kuamua.

Naftali alisimama. "Katiba inasema anayeshindwa anaweza kuomba hesabu irudiwe," alisema. "Naomba irudiwe."

"Ni haki yako," Sarmila alisema. "Njoo usimame hapa karibu. Nawe uliyepaza sauti, njoo pia. Mguse kila karatasi."

Walihesabu tena. Naftali alishika kila karatasi. Yule mwanamume naye alizigeuza mbele na nyuma. Thelathini na tano. Ishirini na tisa. Mbili.

Naftali aliweka ya mwisho mezani. Alikaa kidogo akiitazama. Baadaye alimwambia Njeri kwamba wakati ule alimfikiria mpwa wake. Alijiuliza Kenya ingekuwaje kama mtu angewaita watu waguse karatasi.

"Zimetimia," alisema. Alimgeukia Mkawasi, akampa mkono. "Mwenyekiti, hongera."

Mzee Msabaha alimkabidhi Mkawasi daftari. Lilikuwa na majina ya miaka kumi na miwili, hata ya waliokufa. Aliligusa jalada mara moja zaidi. "Waliokufa usiwafute," aliomba. Mkawasi akaahidi.

Si yote yaliyopona. Kaka yake Njeri hakurudi Eldoret. Mamake yule kijana wa Kisumu bado alimpigia Naftali simu akilia. Kuna jioni ambazo mke na mume hao hawakuweza kuzungumza habari za Kenya, wakaziacha. Lakini walikula meza moja. Orodha ya zamu za hospitali ilibandikwa ukutani ukumbini, kila mtu aisome. Darasa la Kiswahili lilirudi, na Naftali alifundisha watoto wakubwa.

Mwaka 2009, Jumamosi ya mwisho ya Mei, Umoja ulipiga kura tena. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye katiba, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuiomba. Naftali aligombea tena. Sarmila alikuwa kazini siku hiyo, na kura ilisimamiwa na mtu mwingine. Ilichukua saa moja. Wengi waliondoka mapema kwenda kutazama mpira.

Mchana Sarmila alimpigia Njeri simu kutoka ghalani.

"Imekuwaje?"

"Mkawasi tena. Amemshinda kwa kura tatu."

"Na Naftali yuko wapi?"

Njeri alitazama kupitia dirisha dogo la jikoni la ukumbi.

"Anaosha vikombe," alisema. "Anaimba. Anasema mwakani atashinda."